Kuomba kwa Neno: Habari za Desturi ya Kale



Wako Wakristo hapa Kwai na katika vijiji vingine vya Usambara ambao asubuhi, kabla ya kushika jembe, huchukua mstari mmoja wa Biblia, wakausoma polepole, kisha wakaomba wakiufuata mstari ule kama mtu afuatavyo njia. Wako na wengine waitazamao desturi hiyo kwa shaka. Husema: Mtu akifumba macho, akaifungua Biblia popote, akaweka kidole juu ya mstari na kusema, "Hili ndilo jibu langu," ana tofauti gani na yule aliyekwenda kwa mpiga ramli? Swali hili ni la haki. Tena halikuanza leo. Wakristo waliotutangulia waliliuliza, na wengine walijikwaa juu yake. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari za desturi hii tangu mwanzo wake, ili kila mmoja apate kupambanua lililo jema na lisilo jema.

MWANZO WAKE KATIKA BIBLIA

Kuomba kwa maneno ya Mungu kumo ndani ya Biblia yenyewe. Nehemia aliposikia ya kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alilia na kufunga. Na katika maombi yake alimkumbusha Mungu lile neno alilomwamuru Musa. Danieli alikisoma kitabu cha Yeremia, akaijua hesabu ya miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu. Hata alipokwisha kuijua hesabu hiyo, hakukaa kungoja siku zitimie. Alivaa gunia akaanza kuungama dhambi zake na dhambi za taifa lake. Petro na Yohana walipofunguliwa na wakuu wa makuhani, ndugu wote waliinua sauti zao pamoja wakaomba kwa maneno ya Zaburi ya 2. Na Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa msalabani, alilia kwa neno la kwanza la Zaburi ya 22, kisha akaiweka roho yake mikononi mwa Baba kwa neno la Zaburi ya 31.

Basi tuwatazame hao wote. Hakuna aliyelitumia neno ili kumlazimisha Mungu amfunulie siri, wala ili kujua kama safari yake itakuwa na heri. Walilitumia ili wajue jinsi ya kusema na Mungu. Lakini imo pia habari ya yule aliyelitumia vibaya. Shetani alipomjaribu Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, alitoa neno la Zaburi ya 91, akalikata kutoka kwa maneno mengine, akataka liwe sababu ya kumjaribu Mungu. Kumbe hata mstari wa kweli waweza kugeuzwa kuwa mtego.

WAZEE WA JANGWANI MISRI

Watu wengine hudhani ya kuwa desturi hii ni ya Ulaya, ikaletwa kwetu pamoja na viatu na vitabu. Sivyo. Kabla ya watu wengi wa Ulaya ya kaskazini kulijua jina la Yesu, Waafrika wa Misri walikuwa wakiomba hivyo.

Atanasio, askofu wa Aleksandria aliyefariki mwaka 373, alimwandikia mtu mmoja aitwaye Markelino waraka juu ya Zaburi. Alimweleza ya kuwa msomaji wa Zaburi hukuta humo mambo ya moyo wake mwenyewe, kama mtu ajitazamaye katika kioo. Naye aweza kuyasema maneno yale kana kwamba ni yake. Mwenye huzuni ataona zaburi ya huzuni yake, na mwenye shukrani vivyo hivyo.

Karibu na mwisho wa karne ile mtu mmoja, jina lake Yohana Kasiano, alikwenda jangwani Misri kujifunza kwa wazee walioishi huko kwa sala na kazi za mikono. Baadaye aliandika mafundisho yao. Mzee mmoja, Isaka, alimfundisha kuushika mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa Zaburi ya 70, ambamo mtu anamsihi Mungu afanye haraka kumsaidia. Isaka alisema mstari huo wafaa kila saa: mtu akisumbuliwa na tamaa ya chakula, akikosa usingizi, akipandwa na hasira, hata akianza kujivuna kwa wema wake. Maana mtu asemaye mstari huo anakiri kwamba hana nguvu, na papo hapo anakiri kwamba Msaidizi yu karibu. Wazee wale wengi wao hawakuwa na vitabu vingi. Walilibeba neno moyoni.

Tena kuna Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 386 alikuwa Milan, akilia bustanini kwa sababu ya maisha yake machafu. Akasikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue asome. Akachukua waraka kwa Warumi, akasoma mahali macho yake yalipoangukia, katika sura ya 13, na tangu saa ile akageuka. Watu wengi huisimulia habari hiyo, lakini ya pili hawaisimulii. Augustino yule yule, alipokuwa askofu, alimwandikia mtu aitwaye Yanuario ya kwamba haipendi desturi ya watu kuzitafuta bahati katika kurasa za Injili kwa ajili ya mambo ya dunia. Alikiri kwamba ni afadhali wafanye hivyo kuliko kuwakimbilia pepo; walakini aliona si haki maneno yanayohusu uzima wa milele yavutwe ili kuamua mambo ya biashara na ubatili wa maisha haya. Bustanini hakuuliza atapata faida gani. Alisoma, akatii.

KINYOZI WA WITTENBERG

Tuvuke sasa miaka mingi, tufike mji wa Wittenberg katika Ujerumani. Huko alikaa kinyozi aliyeitwa Peter Beskendorf, rafiki wa Martin Luther. Kinyozi huyo alimwuliza Luther jinsi ya kuomba, naye mwaka 1535 Luther akamjibu kwa kijitabu kidogo. Mwalimu mkuu wa kanisa hakuona haya kumwandikia mtu wa wembe na sabuni.

Luther alimwambia ya kuwa kinyozi mwema huweka mawazo na macho yake juu ya wembe na nywele. Akizungumza ovyo na kutazama huku na huku, atamkata mtu mdomo au pua, au hata koo. Basi, ikiwa wembe wataka moyo wote, je, sala si zaidi? Ndipo akampa njia yake mwenyewe. Alichukua amri moja, au neno moja la Maandiko, akalisokota kama taji lenye nyuzi nne. Kwanza aliuliza, Neno hili lanifundisha nini? Pili, Lanipa sababu gani ya kushukuru? Tatu, Laniungamisha dhambi gani? Nne, Lanifanya niombe nini? Akaongeza jambo moja kubwa: katika kuomba hivyo, Roho Mtakatifu akianza kumhubiria mtu moyoni, basi mtu na aache nyuzi zake zote, anyamaze, asikilize.

Ingekuwa vizuri kama habari ya kinyozi ingeishia hapo. Lakini historia ya kweli haifichi aibu. Katika mwaka ule ule wa 1535, siku ya kuamkia Pasaka, Peter alikuwa mezani kwa mkwe wake, amelewa. Akamchoma kisu, mkwe akafa. Husimuliwa kwamba mkwe huyo, aliyekuwa askari, alijisifu kuwa ana dawa ya kumkinga na chuma, na mzee akataka kumjaribu. Peter alihukumiwa. Luther na rafiki wengine walimwombea huruma, hata hakuuawa. Lakini alifukuzwa mjini, akapoteza mali yake.

Kwa nini tunalieleza jambo hili la huzuni? Kwa sababu wako watu wanaodhani ya kuwa mstari uliosomwa asubuhi utawalinda mchana kutwa, hata wakienda penye pombe. Mkwe aliitumainia dawa yake, nayo haikumkinga. Na mtu atakayelichukua neno la Mungu kama dawa ya namna ile atakutana na hatari ile ile. Neno huongoza miguu ya mtu anayetaka kuongozwa.

HERRNHUT NA MSTARI WA SIKU

Mwaka 1722 wakimbizi kutoka nchi ya Moravia, waliofukuzwa kwa ajili ya imani yao, walianza kujenga kijiji katika shamba la bwana mmoja wa Saksonia, Nikolaus von Zinzendorf. Kijiji wakakiita Herrnhut. Mwanzoni waligombana sana juu ya mambo ya dini. Lakini tarehe 13 Agosti 1727, katika Chakula cha Bwana, mioyo yao ilipatanishwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf aliwapa ndugu neno fupi walipokusanyika jioni, ili liwe neno la siku ya pili yake. Kijiji kilikuwa na nyumba 32 tu. Tangu hapo kila asubuhi ndugu walizunguka nyumba kwa nyumba, wakilipeleka neno la siku na kuwajulia hali wenyeji. Kwa hiyo neno na habari za mgonjwa, au za mwenye huzuni, vilikutana mlangoni. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalipigwa chapa kuwa kitabu, na tangu mwaka ule hata leo kitabu hicho hakijakosa kutoka, hata katika vita kuu mbili. Sasa husomwa katika lugha zaidi ya 50.

Mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, miaka michache mbele, katika mistari ipatayo 1,800. Kisha hutafutwa mstari wa Agano Jipya wa kupatana nao. Hapa swali letu la ramli linarudi. Na Wamoravian wenyewe walilijua swali hilo kwa uchungu. Katika siku za kwanza walipiga kura kwa mambo mengi: nani apelekwe ng'ambo, jambo gani lifanywe, hata kijana gani amwoe binti gani. Watu walizidi kuulemewa mzigo huo. Mwaka 1818 sinodi yao iliwaondolea washirika sharti la kura katika ndoa, na mwaka 1889 kura ikaachwa kabisa katika mambo ya namna hiyo. Lakini mstari wa siku haukuachwa.

Kwa nini waliacha moja wakashika la pili? Sisi twaona sababu yake ni hii. Kura ya ndoa ilitaka Mungu ajibu swali la mwanadamu, tena upesi, kwa ndiyo au siyo. Kura ya mstari wa siku haijibu swali la mtu ye yote. Huchotwa kabla ya siku yenyewe, wala hakuna ajuaye nani atazaliwa au kufa siku ile. Kazi yake ni kumzuia mtu asijichagulie kila siku maneno yale yale yanayompendeza. Mwenye kupenda faraja atapewa siku nyingine neno la karipio, na mwenye kujihukumu atapewa neno la rehema. Mpiga ramli humwambia mtu anachotaka kujua. Mstari wa siku humfundisha mtu anachopaswa kuomba.

NENO LAFIKA KATIKA LUGHA ZETU

Mtu hawezi kuomba vizuri kwa mstari asioufahamu. Kwa hiyo historia ya desturi hii katika nchi yetu ni historia ya tafsiri.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza mwaka ule ule kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1848 aliipanda milima yetu mpaka Vuga kwa Simba Mwene Kimweri, na mwaka 1852 alikuja tena. Katika zamani zile watu walimhesabu mfalme kuwa ndiye mwenye mvua, na mtu mwenye shida alikwenda kwa mganga apigiwe ramli, ajue ni nani aliyemdhuru. Watu wa Mission ya Universities walianza kazi Magila, chini ya milima, mwaka 1868. Na askofu wao Edward Steere aliifanya kazi kubwa ya kufasiri Zaburi na Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Alifariki mwaka 1882, na wenzake wakaimaliza kazi.

Mwaka 1891 ni mwaka wa kukumbukwa. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka. Mwaka huo huo Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo, wakaanza kazi ya mission iliyokuja kuitwa ya Betheli. Ikafika Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Na mwaka huo huo Wamoravian wa kwanza walifika Rungwe, upande wa kusini wa nchi yetu. Mwaka 1898 wakaingia pia Urambo katika Unyamwezi. Walikuja wakiwa na mstari wa siku, na ile kura ya kuamua mambo ilikwisha kuachwa miaka 2 kabla yake.

Baadaye Agano Jipya lilitolewa kwa Kishambaa mwaka 1908. Karl Roehl, aliyekuwa mmisionari wa Betheli, alitoa Agano Jipya la Kiswahili mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akipenda kutumia maneno ya asili ya Kibantu badala ya yale ya Kiarabu. Kisha ikaja tafsiri ya pamoja, iitwayo Union: Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952.

Tena tusisahau miaka ya vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalitwaa Usambara, na baadaye wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Mwaka 1940, katika vita ya pili, mambo yakawa hivyo tena. Mara zote mbili walimu na wazee wa kanisa waliachiwa mzigo wa makutaniko. Mgeni aweza kuondolewa kwa amri ya serikali. Mstari ulioingia moyoni mwa mama mzee hauondolewi na serikali yo yote.

Hapa Kwai Wajerumani waliweka mwaka 1896 shamba la kujaribia mimea na ng'ombe wa Ulaya, waone ni nini kitakachokubali katika baridi ya milima hii. Sisi wakulima twajua ya kuwa kila mbegu ya kigeni yapaswa kujaribiwa. Lakini mbegu hii ya kuomba kwa neno haikuwa ngeni katika Afrika. Ilikwisha kupandwa Misri zamani sana. Kwetu ilirudi kwa njia ndefu.

JINSI YA KUFANYA

Na tuchukue mfano mmoja, Zaburi ya 121, mistari miwili ya kwanza. Mwimbaji anainua macho aitazame milima, anajiuliza msaada wake utatoka wapi. Kisha anajijibu ya kuwa watoka kwa Bwana, aliyeumba mbingu na nchi. Sisi tukaao milimani tunao mstari huu mbele ya macho yetu kila tufunguapo mlango.

Uzi wa kwanza, fundisho: msaada hautoki katika mlima, wala katika mizimu yake, bali kwa yeye aliyeuumba mlima. Uzi wa pili, shukrani: tumshukuru kwa chemchemi zitokazo msituni, kwa udongo uotao maharagwe na viazi, kwa mapito aliyotupitisha bila kuteleza. Uzi wa tatu, maungamo: hapa ndipo pagumu. Je, mtoto alipougua, hatukumtuma mtu usiku kwa mganga atupigie ramli, huku Jumapili tukiimba? Je, hatukumtumainia ndugu mwenye fedha kuliko Bwana? Uzi wa nne, ombi: sasa tumtaje mtoto yule kwa jina lake, na jirani ambaye hatusalimiani naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, na mvua, na wale waendao mjini kutafuta kazi. Mtu ataona ya kuwa ombi lake, lililokuwa "Bwana nipe, Bwana nipe" kila siku, limepata njia nyingine.

Twaongeza maonyo matatu. La kwanza, usiifungue Biblia kwa kubahatisha ili ikuamulie kuuza ng'ombe au kumposa binti. Kwa mambo hayo Mungu amekupa akili, na wazee, na kanisa. La pili, usiufunge mstari shingoni mwa mtoto wala kuuweka chini ya mto kama hirizi. Mtoto akiugua, mwombee kwa neno, kisha mpeleke hospitali. La tatu, usiukate mstari kutoka kwa wenzake kama alivyofanya yule mjaribu. Soma sura nzima kwanza, ndipo uchague neno la kuomba.

Wasiojua kusoma nao wasiachwe. Mtoto aliyetoka shuleni na amsomee bibi yake mstari mara tatu, mpaka aushike. Wazee wa Misri waliomba hivyo miaka elfu na zaidi kabla ya Biblia kupigwa chapa, na Mungu aliwasikia.